Udi wa kupandwa: Faida ipo, lakini si kwa kila mti

Biashara ya udi, bidhaa ambayo kwa karne nyingi imefika pwani ya Afrika Mashariki kutoka misitu ya Asia kwa njia ya Bara Hindi na Ghuba, inazidi kuhama kutoka porini kwenda shambani. Wafanyabiashara wanaonunua udi Dubai, Muscat au Mumbai kwa ajili ya maduka ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wanakutana na mzigo wa aina mbili: ule uliotokana na miti ya msituni, na ule wa miti iliyopandwa kisha ikachanjwa kuvu ili itoe utomvu wenye harufu.

Mizigo hiyo miwili hutofautiana kwa bei, kwa daraja na kwa maelezo yanayotakiwa katika karatasi za forodha. Mfanyabiashara asiyejua kuitofautisha anaweza kulipia bei ya porini kwa mali ya shambani, au kuzuiliwa mzigo wake bandarini kwa kukosa kibali.

Wapo pia wawekezaji wadogo wanaoletewa matangazo ya mashamba ya udi yenye ahadi ya utajiri wa haraka. Mti huu unaweza kumletea mkulima fedha, na mashamba yake yanaweza kuinusuru misitu, lakini fedha hiyo ina masharti yake na huchukua miaka kufika.

MTI MZIMA HAUNA UDI

Udi hutoka katika miti ya jamii mbili zinazofahamika kitaalamu kama Aquilaria na Gyrinops. Miti hiyo huota kuanzia Assam, kaskazini mashariki mwa India, hadi kusini mwa China, Vietnam, Thailand, Malaysia, Indonesia na Papua New Guinea. Si miti ya asili ya Afrika Mashariki.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mti wa udi wenye afya njema hauna udi. Mbao yake ni nyeupe, nyepesi na haina harufu ya maana. Hata fundi seremala hana shauku nayo.

Udi huanza pale mti unapoumia. Tawi likivunjwa na upepo, au mdudu akitoboa shina, kuvu huingia kwenye jeraha. Mti hujitetea kwa kutengeneza utomvu mzito wa rangi ya kahawia hadi nyeusi, ambao hujaa taratibu ndani ya mbao inayozunguka jeraha. Mbao hiyo iliyojaa utomvu ndiyo udi. Huko Assam, kwa mfano, kiwavi wa nondo aitwaye kitaalamu Zeuzera conferta hutoboa mashimo ndani ya shina na kuifungulia kuvu njia.

Kwa hiyo mnunuzi wa udi analipia matokeo ya ugonjwa wa mti. Kadiri mti unavyougua kwa muda mrefu ndivyo utomvu unavyojaa na bei inavyopanda. Hapo ndipo penye faida ya biashara hii, na hapo hapo ndipo penye madhara yake kwa misitu.

MKATAJI ANAKATA KWA KUBAHATISHA

Msituni ni sehemu ndogo tu ya miti hiyo yenye udi. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni mti mmoja kwa kila kumi. Kwa nje ni vigumu kujua mti upi umeshika. Wazee wenye uzoefu husoma dalili kama majani ya njano, matawi yaliyokauka na makovu ya shina, na huchokoa kidogo kabla ya kukata. Mtafutaji mgeni aliyetumwa na dalali hana subira hiyo. Hukata mti, hupasua, na akikuta mweupe huuacha pale pale na kuendelea na mwingine.

Mtindo huo umemaliza miti katika nchi moja baada ya nyingine. Vietnam ilivunwa sana katika miaka ya 1980. Wanunuzi walipoona mzigo unapungua Indochina walizidi kusogea Borneo, na katika miaka ya 1990 walikuwa wamefika Papua, mwisho kabisa wa eneo ambako mti huo huota.

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliiweka aina ya Aquilaria malaccensis katika orodha yake ya pili mwaka 1995. Bidhaa zilizo katika orodha hiyo zinaruhusiwa kuuzwa nje, lakini kwa kibali. Mkutano wa mkataba huo uliofanyika Bangkok mwaka 2004 uliamua kuziingiza aina zote za Aquilaria na Gyrinops, na uamuzi huo ukaanza kutumika Januari 2005. Mwaka 2018 Aquilaria malaccensis iliwekwa katika daraja la miti iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Hata Hong Kong, mji wa majengo marefu na mabenki, umekuwa na kesi za wezi wanaoingia usiku katika hifadhi zake kukata miti ya udi. Wengine huujeruhi mti makusudi, huondoka, kisha hurudi baadaye kuvuna udi uliojitengeneza kwenye kidonda. Serikali ya huko imelazimika kuzungushia baadhi ya miti vizuizi vya chuma na kupanda maelfu ya miche kila mwaka.

CHANJO INAYOTIA UGONJWA

Wazo la kuujeruhi mti ili utoe udi si geni. Huko Sylhet, Bangladesh, wakulima wamezoea kugongomea misumari ya chuma kwenye shina, wakati mwingine mamia kwa mti mmoja, na kungoja miaka. Utomvu hujikusanya kuzunguka kila msumari. Njia hiyo ni rahisi, lakini udi wake huwa ni michirizi myembamba, na kazi ya kuutenganisha na mbao nyeupe ni kubwa.

Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa magonjwa ya miti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Robert Blanchette, alianza utafiti nchini Vietnam pamoja na shirika la The Rainforest Project. Walichogundua ni kwamba jeraha likifunga, utomvu husimama. Kwa hiyo jeraha linatakiwa libaki wazi. Njia yao hutoboa shina na kupachika bomba dogo la plastiki ili hewa iendelee kuingia, pamoja na vichocheo vinavyoufanya mti uendelee kujitetea. Njia hiyo ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 2005.

Indonesia ilifuata njia ya kuvu yenyewe. Watafiti wake wa misitu waliokota kuvu kwenye miti ya mikoa mbalimbali, hasa za jamii ya Fusarium, wakazikuza maabara na kuzirudisha kwenye miti ya shambani. Mafundi hutoboa matundu membamba kwa keekee, kwa safu zinazozunguka shina kutoka chini kwenda juu, na kila tundu hutiwa kiasi kidogo cha maji yenye kuvu. Nchini China imebuniwa njia ya kuutundikia mti dawa kwa mpira, kama mgonjwa anavyowekewa dripu hospitalini. Maji ya mti huisambaza dawa shina zima, na udi hujitengeneza sehemu kubwa zaidi.

Mzazi anampeleka mtoto kliniki kuchanjwa ili asiugue. Mkulima wa udi anauchanja mti ili uugue, lakini usife. Hapo ndipo ulipo ufundi. Chanjo dhaifu huacha mti mweupe, kali mno huuozesha au kuuua kabla utomvu haujakomaa. Kuvu inayofanya kazi vizuri kwa aina moja ya mti, katika udongo na mvua ya mahali fulani, inaweza kushindwa mahali pengine. Ndiyo sababu wakulima wenye busara huchanja miti michache kwanza, hungoja miezi, hukata kipande kuangalia rangi, ndipo huendelea na shamba zima.

HESABU ZA SHAMBA

Mbegu za mti wa udi hazihifadhiki. Hupoteza uwezo wa kuota kwa muda mfupi baada ya kukomaa, hivyo zinatakiwa kitaluni mapema. Anayeuziwa mfuko wa mbegu kavu zilizokaa ghalani ananunua takataka.

Mche ukishika, kwa kawaida hungojewa miaka mitano hadi saba, mpaka shina lifikie unene wa kama sentimita kumi au zaidi, ndipo uchanjwe. Baada ya chanjo hungojewa tena mwaka mmoja hadi mitatu, na wenye uwezo wa kusubiri zaidi hupata daraja la juu zaidi. Kwa muda wote huo shamba halitoi senti. Wakulima wengi wa Asia hulijaza pengo hilo kwa kuchanganya udi na mazao mengine.

Adui mkubwa shambani ni kiwavi aitwaye Heortia vitessoides, ambaye hushambulia kwa makundi na anaweza kuuacha mti bila jani hata moja. Shamba la mti mmoja mtupu ndilo linaloathirika zaidi. Adui wa pili ni mwizi. Mti uliochanjwa ni fedha iliyosimama wima, na unahitaji mlinzi kuanzia siku ya chanjo.

Mavuno nayo yana gharama. Mti huangushwa, hukatwa vipande, na vibarua hukaa na patasi na visu kuondoa mbao nyeupe kidogo kidogo hadi ubaki udi. Kazi hiyo haina haraka. Mabaki yenye utomvu kidogo hulowekwa na kuchemshwa ili kutoa mafuta ya udi, na unga unaobaki huuzwa kwa watengenezaji wa vijiti vya kufukiza.

Matangazo mengi ya uwekezaji hukosea katika hesabu. Chukuliwe mfano wa mtu aliyeambiwa kwamba kila mti utampa kilo moja ya udi wa dola 10,000 za Marekani. Miti 100, ikipandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, inaenea katika eneo lisilofika robo ekari. Kwa ahadi hiyo robo ekari ingetoa dola milioni moja. Mwenye shamba la namna hiyo asingehitaji kuchangisha fedha za watu wengine.

Mfano huohuo ukihesabiwa kwa udi wa dola 50 kwa kilo, mapato ni dola 5,000 baada ya miaka minane au zaidi, kabla ya kutoa gharama za miche, chanjo, ulinzi na vibarua. Hesabu hizo mbili zinatofautiana mara 200, na kinachozitofautisha ni daraja la udi, jambo ambalo hakuna anayeweza kuliahidi siku ya kupanda mche.

BEI MBILI, SOKO MOJA

Udi hauna bei moja. Unga na vipande vya daraja la chini huuzwa kwa dola chache au makumi ya dola kwa kilo. Vipande vya daraja la juu hufikia maelfu, na vile adimu kabisa, vinavyotafutwa na matajiri wa Ghuba, China na Japan, hufikia makumi ya maelfu. Wanunuzi huangalia weusi, uzito, mahali ulipotoka na, zaidi ya yote, harufu unapowekwa juu ya kaa. Kipimo cha zamani ni kuutumbukiza majini: udi uliojaa utomvu huzama, mweupe huelea.

Udi wa kupandwa, kwa kuwa umekaa na ugonjwa miaka michache tu, kwa kawaida huingia madaraja ya chini na ya kati. Udi wa porini uliokaa miongo mingi ndani ya mti mzee bado unashikilia kileleni. Mwindaji wa miti anapojua kuwa kipande kimoja cha kale kinaweza kumpatia zaidi ya mshahara wa mwaka, shamba la jirani halimzuii kuingia msituni.

Hata hivyo shamba lina nafasi yake katika kuokoa miti. Sehemu kubwa ya udi unaofukizwa majumbani na mafuta yanayotiwa katika manukato ya kawaida ni ya madaraja hayo ya chini na ya kati. Kila kilo ya mzigo huo inayotoka shambani ni kilo ambayo haikutafutwa kwa kukata miti kumi msituni. Kwa kuwa mashamba yanatoa mzigo huo kwa bei inayotabirika, mwenye kiwanda cha manukato hana sababu ya kununua kwa mlanguzi.

Hatari iliyopo ni ya udanganyifu. Udi wa porini unaweza kupitishwa kwa karatasi za shamba, na shamba dogo likaonekana kuuza mzigo ambao miti yake isingeweza kuutoa. Nchi inayotoa vibali bila kuhesabu miti inageuza mashamba kuwa mlango wa kupitishia mali ya wizi.

KIBALI NA MIPAKA YAKE

Chini ya CITES kila kibali huonyesha mzigo umetoka wapi. Herufi W ni ya porini na A ni ya mimea iliyokuzwa na binadamu. Mwaka 2019 iliongezwa herufi Y kwa mimea iliyosaidiwa na binadamu lakini isiyotimiza masharti yote ya A. Mfanyabiashara anayeingiza udi Tanzania au Kenya, ambazo zote ni wanachama wa mkataba huo tangu miaka ya 1970, anapaswa kuangalia herufi hiyo kabla ya kulipa.

Baadhi ya bidhaa zimesamehewa: mbegu, matunda, majani, unga uliokwisha kukamuliwa mafuta, na bidhaa zilizokamilika na kufungwa tayari kwa rejareja. Vipande vya udi, shanga, tasbihi na vinyago havimo katika msamaha huo. Msafiri anayebeba vitu vyake binafsi anaruhusiwa hadi kilo moja ya vipande, mililita 24 za mafuta na seti mbili za shanga au tasbihi bila kibali, ingawa nchi inaweza kuweka masharti makali zaidi. Ruhusa hiyo si ya biashara. Anayesafiri mara kwa mara na kilo moja moja ya kuuza dukani hana kinga.

India imeonyesha jinsi mashamba yanavyoweza kufungua soko. Assam na Tripura zina miti mingi iliyopandwa na wananchi majumbani na kwenye vishamba, na Tripura ilitunga sera yake ya udi mwaka 2021. Aprili 2024 serikali ya India ilitangaza kiwango kipya cha kuuza nje kwa mwaka: kilo 151,080 za vipande na unga, na kilo 7,050 za mafuta. Kwa mkulima mdogo, ruhusa ya kuuza nje kihalali ina thamani sawa na chanjo yenyewe, maana udi usio na kibali huishia kwa dalali kwa bei ya dalali.

MZIGO UNAPOFIKA PWANI

Udi mwingi unaotumika katika harusi na majumba ya pwani ni ule uliopikwa kwa sukari na manukato, ambao hauhitaji vipande vya daraja la juu. Kwa matumizi hayo udi wa shambani unatosha, na mteja hapotezi kitu mradi ameuziwa kwa bei yake.

Tatizo ni kwa anayelipia vipande vitupu. Ipo mbao nyepesi inayotiwa rangi na mafuta, kisha hugandamizwa hadi iwe nyeusi na nzito. Wafanyabiashara wa Asia huipa jina la mzaha la mbao ya uchawi mweusi. Hata kipimo cha maji kinaweza kudanganywa kwa uzito uliotiwa. Wanunuzi wazoefu hukata kipande katikati kuona kama rangi imefika ndani na kama mistari ya utomvu ni ya asili, kisha huchoma kidogo. Cha bandia huanza kwa harufu kali ya mafuta na kuishia kwa moshi wa kuni.

Afrika Mashariki ina somo lake karibu zaidi. Msandali, mti wa nyumbani ambao mafuta yake hutumika katika manukato, umekuwa uking'olewa na mizizi yake na kuvushwa mipaka. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa katika orodha ileile ya pili ya CITES. Kama ilivyokuwa kwa udi, marufuku ilikuja baada ya miti kupungua, na bidhaa ya kihalali itapatikana tu pale watakapokuwepo watu wanaoipanda.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mwekezaji mdogo anayekaribishwa katika shamba la udi, popote lilipo, ana haki ya kuuliza mambo machache. Miti ni ya aina gani, na ina umri gani leo? Ni mingapi imekwisha kuchanjwa, kwa njia ipi, na je, kuna kipande kilichokatwa kutoka shamba hilo hilo cha kuonyesha? Shamba limeandikishwa kwa mamlaka ya misitu ya nchi husika? Mzigo utauzwa kwa kibali cha herufi gani? Mnunuzi ni nani, na alinunua mwisho kwa bei ya daraja lipi?

Muuzaji anayejibu kwa kutaja bei ya juu kabisa ya udi duniani hajajibu lolote. Mwenye shamba la kweli huzungumzia viwavi, walinzi, miti iliyokataa chanjo na miaka iliyobaki, na huwa na kipande mfukoni cha kuweka juu ya kaa.